Pango la Shimoni kwa Siku Moja Kutoka Mombasa: Hesabu Maji Kwanza

Watu wengi wa Mombasa huipanga safari ya Shimoni kwa kuangalia likizo ya watoto au gari la rafiki. Wanafika saa saba mchana, maji yamejaa, upande wa chini wa pango ni tope tupu, na mashua za kwenda Kisite, hifadhi ya bahari, ziliondoka zamani. Mwongozaji anawazungusha kwa dakika kumi, wanapiga picha mbili za mdomo wa pango, wanarudi. Safari ya namna hiyo inamaliza nauli na siku nzima, na mahali penyewe mtu hajapaona.

Mwongozo huu unaanza na bahari, kisha siku na saa, kisha gari. Ukiufuata kwa mpangilio huo, pango na kisiwa cha Wasini vinaingia ndani ya siku moja na jioni unalala kwako.

Pango lilivyo, na kwa nini lina utelezi

Shimoni iko kaunti ya Kwale, kama kilomita 80 kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania. Mji umepata jina kwa pango lenyewe, linalosimuliwa kuwa watumwa waliwekwa humo kabla ya kusafirishwa baharini, na pango liko mjini hasa, hatua chache tu kutoka gatini.

Mwamba wake ni matumbawe ya kale, mwamba ule ule unaobeba kisiwa cha Mombasa na uliochongwa mawe ya kuta za Fort Jesus. Yalikuwa hai chini ya maji kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki juu. Tangu hapo maji ya mvua, yenye tindikali kidogo, yanautafuna kutoka juu, na mawimbi yanaula kutoka ubavuni. Ndiyo sababu dari ina matundu yanayoingiza jua, mizizi ya miti inaning'inia humo, na jiwe limechongoka kama meno.

Mgeni ayajue mambo matatu yanayotokana na hilo. Jiwe hili linanyonya maji kama sifongo, kwa hiyo pango linaendelea kudondoka hata baada ya mvua kukatika. Sakafu haiko sawa: pahali pamoja ni udongo mkavu, hatua tatu mbele ni tope. Na jiwe linakata, kwa hiyo ukiteleza na kujishika ukutani, kiganja ndicho kitakachoumia.

Hatua ya kwanza: soma maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku mzunguko wote unachelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo.

Mamlaka ya bandari huchapisha jedwali la maji la Kilindini, na programu za simu zinatoa saa zile zile. Saa za Shimoni hazipishani sana na za Kilindini. Lakini hata bila simu, anayeijua tarehe ya mwezi mwandamo anaweza kukisia, kama wavuvi wanavyofanya:

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu tarehe 15, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi. Kwa kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Kwa mfano tarehe 5: zimepita siku nne, mara dakika 50 ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Basi maji yatakuwa yamepwa kama saa saba na dakika 20 mchana. Tarehe 8 yatapwa karibu saa kumi jioni, na asubuhi utayakuta yamejaa. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo itumie kuchagua siku, kisha thibitisha kwa jedwali.

Siku nzuri kwa anayetoka Mombasa ni tarehe 1 hadi 4 na tarehe 15 hadi 18 za mwezi mwandamo. Maji yanapwa kati ya saa nne na saa saba, jua likiwa juu, nawe umeshafika. Lenga kuwa ndani ya pango wakati wowote kati ya saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Upande unaotazama bahari utakuwa umekauka kiasi cha kupitika.

Kuna kanuni moja inayofaa kukaa kichwani kwa yeyote anayetembea penye miamba ya bahari. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mara kumi na mbili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, na mtu anajiambia bado kuna wakati. Katika saa ya tatu peke yake yanapanda sentimita 90, kimo cha kiuno cha mtu mzima, na saa ya nne sentimita 90 nyingine.

Ndani ya pango la Shimoni jambo hili linakuchafua viatu tu, maana ngazi za kutokea ziko karibu. Penye mashimo mengine ya ufukweni linaua. Wengi huunganisha safari hii na dimbwi la Tiwi, lile la umbo la ramani ya Afrika, ambapo watu huogelea na kupenya chini ya mwamba kutoka dimbwi moja hadi jingine. Pale ingia maji yakiwa bado yanatoka, na maji yakigeuka, toka. Usingoje yakufikie magotini. Na vile vipango vilivyo chini ya majabali ya Mama Ngina na Nyali, tusidanganyane: wimbi likiingia humo halina pa kwenda, linarudi na mtu. Vitazame kutoka juu.

Hatua ya pili: chagua msimu na siku ya wiki

Kwa pango peke yake, mwezi wowote unafaa isipokuwa masika, Aprili hadi Juni, na hata masika unaweza kwenda ukiacha siku mbili baada ya mvua kubwa. Kama unataka na bahari pia, nenda wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi: maji yametulia na yanaonyesha chini. Kusi likipuliza, hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa Wasini unachafuka na wageni wengi hutapika kabla ya kufika Kisite.

Ijumaa si siku mbaya, lakini jua kwamba Shimoni na Wasini ni miji ya Waislamu, na kuanzia saa sita na nusu hadi karibu saa nane wenyeji wako msikitini. Panga ama umeshamaliza pango kabla ya hapo, ama unakula wakati huo. Mwezi wa Ramadhani pango linatembeleka vizuri tu. Beba chakula chako na ukile ndani ya gari au pahali pa faragha, si barabarani mbele ya waliofunga.

Jumapili na sikukuu epuka ukiweza. Barabara ya kusini inajaa magari ya Diani, na jioni foleni ya feri inakula muda wote uliouokoa asubuhi.

Hatua ya tatu: vitu vya kubeba

Viatu ndivyo vya kwanza. Vaa raba zenye soli ya mipira iliyochongwa meno, zinazofunika vidole. Ndara na makubadhi yanateleza kwenye tope na kuacha vidole wazi kwa jiwe. Viatu vya plastiki vya kuogelea vinafaa Tiwi, lakini soli yake ni nyembamba mno kwa pango.

Tochi, na ya kichwani ikiwezekana, ili mikono ibaki huru. Mwanga wa lumeni 200 unatosha. Simu ni tochi ya dharura tu: inashikiliwa mkononi, inamaliza chaji unayohitaji kulipia nauli, na ikianguka kwenye tope la chumvi huna tena. Kundi la watu sita linahitaji tochi tatu, si moja iliyo mbele.

Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu. Leso moja kwa kila mwanamke, na kwa mwanamume aliyevaa kaptura pia: utaihitaji kupita mjini na Wasini. Sabuni kipande, dawa ya kuoshea kidonda, bandeji. Kitambulisho cha taifa, kwa sababu ada za hifadhi ya bahari zina viwango tofauti kwa raia, wakazi na wageni wa nje, na bila kitambulisho huna cha kuonyesha. Pesa taslimu kidogo za noti ndogo.

Anayesafiri na kamera, aitoe kwenye mkoba nusu saa kabla. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia moja kwa moja kwenye joto la unyevu wa pango, kioo kinafunga ukungu na kukifuta hakusaidii. Kinahitaji kupata joto kwanza.

Hatua ya nne: njia

*Kwa matatu.* Kuwa Feri, kwenye kivuko cha Likoni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakati huo umati unavuka kuja kisiwani kazini, nawe unakwenda kinyume nao, kwa hiyo nafasi ipo. Anayevuka kwa miguu halipi. Upande wa Likoni panda kilima hadi steji, uliza gari la Lunga Lunga. Magari ya Ukunda ni mengi zaidi na makanga wake watakuita kwa nguvu, lakini yatakuishia Ukunda na itabidi upande tena. Mwambie makanga kabla ya kukaa: "Nishushie Kanana, njia ya Shimoni," na kubaliana nauli ya Kanana, si ya Lunga Lunga.

Utapita Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni. Ukishavuka mto Ramisi, kusanya mizigo yako, Kanana haiko mbali. Kutoka Likoni hesabu saa moja na nusu hadi mbili, kutegemea gari linavyosimama. Kanana unashuka, unachukua boda au gari dogo kuelekea pwani, kama kilomita 15. Ukiwa kwenye boda, kubaliana bei ya kwenda na ya kurudi wakati ule ule na uchukue nambari ya dereva, maana jioni boda za kutoka Shimoni ni chache na bei inapanda.

*Kwa gari lako.* Ukitoka kisiwani, pita feri. Ukitoka Miritini, Changamwe au stesheni ya treni ya SGR, pita barabara ya Dongo Kundu. Inakutoa Ng'ombeni bila kuona maji ya feri. Kwa wanaotumia feri na gari la chini: siku za bamvua, maji yakipwa, njia ya kupandia inakuwa mteremko mkali na bampa inakwaruza. Ukivuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji bado yako kati, gari linapita bila taabu. Juu ya feri vuta breki ya mkono, acha gia ndani, teremsha vioo.

Jaza mafuta Ukunda au Msambweni. Toa pesa Ukunda pia, ndiko kwenye benki. Ukivuka hapo tegemea M-Pesa na noti ulizobeba. Punguza mwendo kwenye vijiji vyote. Matuta mengine hayana alama.

Hatua ya tano: mlangoni

Kabla hujafika ofisini, watu wawili watatu watakujia njiani wakisema wao ndio waongozaji. Wengine ni kweli, wengine ni madalali watakaokupeleka pale pale ofisini na kudai chao. Wasalimu vizuri, "Salaam aleikum" au "Shikamoo mzee" kwa aliyekuzidi umri, kisha sema unakwenda kulipia mlangoni kwanza. Hakuna ugomvi katika hilo. Ada ya pango inasimamiwa na wenyeji na ni mapato ya mji, ndiyo maana ni vizuri ipite mahali inapoandikwa. Uliza mambo matatu: kiasi gani kwa mtu mzima na mtoto, mwongozaji yumo ndani ya ada au analipwa kando, na kupiga picha kuna malipo au la. Pokea risiti.

Mchukue mwongozaji wa hapo hata kama umewahi kuingia. Anajua jiwe gani linatikisika wiki hii na maji yamefika wapi asubuhi ya leo. Mwishoni mpe ahsante yake mkononi, tofauti na ada.

Kwa aliye na mgonjwa wa goti au mzee: kuingia ni kwa ngazi za kushuka, zina unyevu, na njia ndani si tambarare. Mzee anayepanda ngazi za nyumba ya ghorofa moja bila kushikwa ataweza akienda polepole. Anayehitaji mkono akae juu kivulini na mtu mmoja wa kumwangalia. Mtoto chini ya miaka minne abebwe mgongoni kwa leso, si mikononi, kwa sababu anayembeba anahitaji mikono yake.

Hatua ya sita: ndani

Simama chini ya ngazi dakika tano kabla ya kuendelea. Macho yaliyotoka kwenye jua la mchana hayaoni kitu mwanzoni, na wengi wanaoanguka huanguka katika hatua ishirini za kwanza. Washa tochi sasa, ingawa mwanga wa matundu ya dari unakudanganya kwamba hauihitaji.

Tembea mguu mzima ukikanyaga, si kisigino kwanza. Elekeza tochi hatua mbili mbele ya miguu, na kila baada ya hatua chache inua mwanga utazame dari: kuna pahali dari inashuka ghafla, na mwenye kofia yenye ukingo mrefu ndiye anayejigonga, maana ukingo unamfichia jiwe. Usiushike ukuta kwa kiganja wazi. Ukihitaji kujiegemeza, tumia nyuma ya mkono uliokunjwa ngumi, au bega la aliye mbele.

Pita njia iliyokanyagwa. Mapande ya chokaa yaning'iniayo darini yamejengwa tone kwa tone kwa karne nyingi, na mafuta ya vidole yanatosha kuyazuia yasiendelee kukua. Usivunje, usishike, usiandike jina.

Mwongozaji atakuonyesha vyuma vilivyobaki ukutani, na upande unaofunguka baharini walikotolewa watu kupelekwa vyomboni. Hapa nyamaza kidogo. Watoto wanaopiga mayowe kusikiliza mwangwi waambiwe mapema, juu, kabla ya kushuka, kwamba hapa watu waliteswa. Kupiga picha hapakatazwi, lakini pozi la kucheka umeshika mnyororo halifai, na wenyeji huliona.

Ukikuta kitambaa, chupa ya marashi, chetezo au majivu ya ubani kwenye kona, hapo ni pa ibada ya wenyewe. Usiguse, usipige picha bila kuuliza, usitoe maoni. Dakika 40 hadi saa moja zinatosha kwa pango zima ukiwa na mwongozaji anayeeleza.

Kusikiliza historia

Utasimuliwa mengi, na yote yana thamani, ila si yote ya aina moja. Ni vyema uje na tarehe chache kichwani ili ujue simulizi linakaa wapi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa siku hiyo. Iliingia magendo, na mahali pa kujificha ufukweni pakazidi kuwa na faida kwa wafanyabiashara. Utumwa wenyewe katika ukanda wa pwani ya Kenya haukuondolewa katika sheria hadi 1907. Shimoni pia palikuwa na kituo cha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na magofu ya enzi hiyo bado yapo mjini.

Pamoja na hayo, wazee wanalisimulia pango kama mahali pa ibada na kimbilio la wenyeji wakati wa hatari. Hilo halipingani na habari ya utumwa. Pango moja linaweza kuwa limetumika kwa mambo mengi katika vizazi vingi. Ukiambiwa kwamba njia ya chini inakwenda kilomita nyingi bara, lichukue kama simulizi, na usijaribu kulihakikisha. Swali zuri la kumuuliza mwongozaji ni, "Hili umelipata kwa nani?" Wengi watakujibu kwa furaha, na jibu mara nyingi linapita hotuba ya kawaida wanayowapa wageni.

Anayeishi Mombasa angeanza na Kengeleni kabla ya safari. Kengele ile pale njia panda ya Nyali na Kisauni ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa watu waliookolewa kutoka vyombo vya watumwa. Kupita hapo kila siku ukienda sokoni, kisha kusimama ndani ya Shimoni, kunazileta ncha mbili za habari moja. Watoto wa shule hasa huielewa kwa njia hiyo kuliko kwa kitabu.

Popo, na majeraha

Popo wamo. Hawamfuati mtu wala hawaingii nywele; mwanga mkali na kelele ndivyo vinavyowarusha. Elekeza tochi chini wanapokuwa juu yako. Usimshike popo, hai wala mfu, na usikae kwenye rundo la kinyesi chao: vumbi lake likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Popo wa mapangoni wanaweza pia kubeba virusi vibaya. Mwaka 1980 na 1987 wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Ziara fupi ya njia iliyokanyagwa si jambo la kutisha. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka, kabla ya kula, na mwenye pumu afunike pua kwa kitambaa.

Tahadhari hii ina uzito zaidi Fikirini, kijiji kilicho karibu na barabara hiyo ya Shimoni, kwenye mapango yanayoitwa ya dada watatu. Popo huko ni wengi zaidi na giza ni la kweli. Nenda kama una tochi mbili kwa kila mtu na mwongozaji wa kijiji, vinginevyo liache kwa siku nyingine.

Ukikatwa na jiwe, usipuuze kwa sababu ni mkwaruzo. Vipande vidogo vya matumbawe vinabaki ndani na kuozesha jeraha. Osha mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, sugua kwa kitambaa safi hadi chembe zote zitoke hata kama inauma, tia dawa, funga. Jeraha likianza kuwa jekundu na wekundu ukaenea, au likatoa usaha, nenda kituo cha afya. Na ambaye hakumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda, aulizie hapo hapo.

Wasini na Kisite siku hiyo hiyo

Inawezekana kufanya pango na Wasini. Pango, Wasini na Kisite kwa siku moja kutoka Mombasa ni kujitesa, isipokuwa umelala Shimoni au Msambweni usiku wa kuamkia.

Kuvuka kwenda Wasini kwa mashua ya injini kunachukua chini ya nusu saa. Kubaliana na nahodha bei ya chombo kizima au ya kila mtu, na saa ya kurudi, kabla hamjapanda. Kila mtu avae jaketi la kuokolea lililofungwa, akiwemo anayejua kuogelea. Kama jaketi hazitoshi idadi ya watu, msubiri chombo kingine.

Kisiwani kuna bustani ya matumbawe makavu unayoitembea juu ya njia ya mbao ya kikundi cha akina mama. Itazame maji yakiwa yamepwa, kwa hiyo siku za bamvua maliza pango haraka uvuke. Lahaja utakayoisikia Wasini ni Kivumba, na Shimoni Kichifundi. Sikiliza, ni Kiswahili tofauti na cha mjini. Jifunge leso, acha pombe bara.

Kwa Kisite, ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, si taslimu, kwa hiyo jaza kila kitu ukiwa Ukunda ambako intaneti ni nzuri. Mashua huondoka asubuhi. Ukichelewa, haupati kundi la kuchangia nalo bei.

Kurudi

Kama uko kwa matatu, ondoka Shimoni saa tisa na nusu, saa kumi ikichelewa sana. Magari ya Lunga Lunga kurudi Likoni yanapita Kanana yakiwa yamejaa jioni, na unaweza kuachwa na mawili matatu kabla ya kupata nafasi. Makundi ya watu zaidi ya wanne yagawanyike, yakutane Likoni. Feri ya jioni umati unatoka kisiwani kwenda Likoni, kwa hiyo nawe tena uko kinyume nao.

Nyumbani, usiku huo huo, suuza viatu, tochi na miguu ya kamera kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa betri, anika kivulini. Tope la pango likikaukia kwenye soli linajaza meno, na safari ijayo viatu hivyo vitateleza kama ndara.